Ranjitsinhji wa Nawanagar, mpigaji wa Uingereza aliyeng'ara Sydney

Kumar Shri Ranjitsinhji (1872–1933), ambaye wapenzi wa kriketi wanamjua kwa jina fupi la Ranji, alikuwa mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa timu ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye alikuwa Jam Saheb, yaani mtawala, wa Nawanagar katika Kathiawar, Bara Hindi. Namwandika hapa kwa sababu mbili. Kwanza, mikimbio yake mingi kupita yote aliyopata katika mechi ya nchi kwa nchi aliipata Sydney, na huku ndiko ninakoishi kwa binti yangu tangu nilipostaafu ukarani. Pili, Nawanagar si nchi ngeni kwetu sisi watu wa Unguja na Maskati, ingawa wengi hawalijui jina hilo.

Makao makuu ya Nawanagar ni mji wa Jamnagar, pwani ya kusini ya Ghuba ya Kutch. Ng'ambo ya ghuba hiyo ndiko iliko Mandvi. Majahazi ya pwani hizo yalikuwa yakiteremka na kaskazi hadi Unguja, na mengine yakiishia Maskati na Matrah. Makhoja, Mabhatia na mafundi wa Kibanyani tuliokua nao mitaa ya Mji Mkongwe, wengi wao asili yao ni Kutch na Kathiawar. Hata marehemu Kanaksi Khimji, aliyeanzisha uongozi wa kriketi Oman mwaka 1979, ukoo wake ulitoka Kutch. Na waliokuwa Unguja kabla ya 1964 watakumbuka kriketi ya Mnazi Mmoja, Wahindi, Wagoa na Waingereza wamevaa meupe, na sisi watoto pembeni na gongo letu la upongoo wa mnazi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, inatosha kujua kwamba mpigaji husimama mbele ya vijiti vitatu, akaupiga mpira anaorushiwa, akakimbia na mwenzake kubadilishana ncha za kiwanja. Kila kukimbia huko ni mkimbio mmoja. Anayefikisha mikimbio 100 kabla hajatolewa amepata heshima kubwa. Mechi za nchi kwa nchi, ziitwazo Testi, huchukua siku kadhaa, na kila timu hupiga zamu mbili.

Ranji alizaliwa tarehe 10 Septemba 1872 katika kijiji cha Sarodar. Jam Vibhaji, mtawala wa wakati huo, hakuwa na mrithi aliyemridhia, na mwaka 1878 akamchagua mtoto huyu wa jamaa zake awe mwanawe wa kupanga. Mwaka 1882 Vibhaji akapata mtoto wa kiume nyumbani mwake, Jaswantsinhji, na Ranji akawekwa kando. Serikali ya Kiingereza ya India ikamtambua yule mdogo. Kuanzia hapo Ranji alikuwa mtu mwenye cheo cha mwana wa mfalme bila ufalme, na jambo hili lisiposhikwa, maisha yake yote hayafahamiki.

Alisomeshwa Rajkumar College, Rajkot, skuli ya watoto wa watawala, kisha mwaka 1888 akapelekwa Uingereza na akaingia Trinity College, Cambridge. Jina lake liliwashinda wenzake, wakamwita Smith. Nilicheka niliposoma hayo, maana katika skuli yangu ya misheni nasi tulikuwa na mwalimu aliyewagawia majina mapya wanafunzi ambao ulimi wake haukuwaweza. Smith halikudumu, lakini Ranji lilidumu.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa akijifunza alikuwa na tabia ya kurudi nyuma mpira wa kasi unapokuja, na mwalimu wake akaufunga mguu wake wa kulia chini usiondoke. Kwa kuwa mguu hauendi popote, akajifunza kuutumia mkono. Mpira unaomjia mwilini aliukunja kwa kifundo cha mkono ukateleza nyuma ya mguu wa kushoto na kwenda zake mahali pasipokuwa na mtu. Waingereza walifundishwa kuupiga mpira mbele, kwa gongo lililonyooka. Huyu alikuwa kama anausindikiza tu. Leo kila mtoto wa kriketi hufundishwa pigo hilo.

Mwaka 1895 alianza kuichezea timu ya jimbo la Sussex, na katika mechi yake ya kwanza, uwanja wa Lord's, alipata mikimbio 77 bila kutolewa, kisha 150. Mwaka uliofuata Australia walikuja Uingereza. Siku zile kamati ya kila uwanja ndiyo iliyochagua timu ya mechi yake. Waliochagua Lord's hawakumtaka Ranji. Mwenye sauti pale alikuwa Lord Harris, aliyekuwa gavana wa Bombay hadi 1895, na sababu inayotajwa ni kwamba mzaliwa wa India hakustahili kuiwakilisha Uingereza. Manchester, uwanja wa Old Trafford, wakamchagua. Ranji akataka kwanza Waaustralia waulizwe, na nahodha wao, Harry Trott, akajibu kwamba hana pingamizi. Mwezi wa Julai 1896 akacheza: 62 zamu ya kwanza, na zamu ya pili 154 bila kutolewa, ambapo 113 kati ya hizo alizipata asubuhi moja kabla ya chakula cha mchana. Uingereza walishindwa mechi ile, lakini suala la kustahili halikurudi tena.

Sasa naomba msomaji atazame tarehe, maana karani hawezi kuziacha. Tarehe 22 Agosti 1896, huko Hove, Ranji alipata mia mbili tofauti katika siku moja dhidi ya Yorkshire, 100 na 125 bila kutolewa. Siku tatu baadaye, tarehe 25 Agosti, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme. Tarehe 27 manowari za Kiingereza zikalipiga jumba lile mizinga kwa muda usiofika saa moja, na Sayyid Hamoud bin Muhammed akawekwa badala yake. Wiki moja ile ile, Waingereza walimshangilia uwanjani mwana wa mfalme waliyemkatalia kiti kwao, na Unguja wakaamua kwa mizinga nani akalie kiti cha Sayyid Said. Sidai kwamba mambo haya mawili yalipangwa pamoja. Ila mamlaka ilikuwa moja, na Ranji, ambaye hakuwa mjinga, alijua fika kwamba mlango wa kiti chake unafunguliwa London na Calcutta. Umaarufu wake wa kriketi ulikuwa pia ombi lake la urithi, likiandikwa kwa gongo mbele ya macho ya wakubwa.

Mwisho wa 1897 alisafiri Australia na timu ya A. E. Stoddart. Adelaide, katika mechi ya kwanza ya safari, alipata 189. Alipofika Sydney akashikwa na mafindofindo makali, koo limevimba hata kumeza shida. Testi ya kwanza ilikuwa ianze Ijumaa tarehe 10 Desemba. Kwa sababu ya mvua, wasimamizi wa uwanja wakaiahirisha hadi Jumatatu tarehe 13, bila hata kuwashauri manahodha. Waaustralia wengine walikasirika, na kwa haki, maana siku zile tatu ndizo zilizompa Ranji nafasi ya kuinuka kitandani. Stoddart mwenyewe hakucheza kwani alikuwa amepata habari ya kufiwa na mama yake, na A. C. MacLaren akashika unahodha na kupata 109.

Ranji hakuweza kuingia mapema kama kawaida yake. Aliingia wa saba, mgonjwa, na jua lilipotua alikuwa na 39. Siku ya pili akaendelea hadi 175. Hakuna mpigaji wa Uingereza aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika Testi kabla yake, na aliyekuwa akishika nafasi hiyo kwa 173 ni huyo huyo Stoddart aliyekuwa katika msiba. Uingereza walipata 551, Australia 237 na 408, na Uingereza wakashinda wakiwa wamepoteza mpigaji mmoja tu katika zamu ya pili. Majukwaa mawili yaliyokuwapo siku ile bado yapo: la wanachama la 1886 na la wanawake la 1896, yenye mapaa ya kijani. Mengine yote uwanjani ni zege na vyuma vya juzi, lakini ukiwa mbele ya hayo mawili unajua kwamba waliomwona Ranji walikaa hapo.

Sydney walimpenda, na kwingineko pia, kwa muda. Kisha akaanza kuandika magazetini. Mrushaji wa kasi wa Australia, Ernest Jones, alitiliwa shaka kwamba anatupa mpira kwa mkono uliokunjwa, jambo lisiloruhusiwa, na Ranji hakuficha maoni yake. Mwamuzi Jim Phillips alimwadhibu Jones kwa kosa hilo, na Melbourne akawa mtu wa kwanza kuadhibiwa hivyo katika Testi. Watazamaji wakamgeukia Ranji kwa zomeo. Kwa maoni yangu alikuwa na haki katika hoja, ila mgeni anayekula kwa mwenyeji hachagui wakati huo huo wa kukosoa mchuzi. Uingereza walishindwa Testi nne zilizofuata. Ranji alimaliza na mikimbio 457, lakini aliporudi Sydney kwa Testi ya mwisho alipata 2 na 12 tu.

Miaka michache baadaye, tarehe 1 Januari 1901, Shirikisho la Australia lilitangazwa katika bustani ya Centennial Park, jirani kabisa na uwanja ule. Mwaka huo huo bunge jipya likapitisha sheria ya kuzuia wahamiaji. Afisa bandarini aliweza kumsomea mgeni maneno 50 ya lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua yeye afisa, na mgeni ayaandike. Nimefanya kazi ya kalamu miaka mingi, na sijapata kuona mtihani uliotungwa kwa hila kama huo. Mhindi mwenye Kiingereza safi angeweza kusomewa Kijerumani. Waliompigia makofi mtu wa Jamnagar kwa 175 hawakutaka jirani kutoka Jamnagar.

Baada ya Australia Ranji hakurudi Uingereza. Alikwenda India mwaka 1898 kudai urithi, akakaa karibu mwaka mzima akiandika maombi na kuzungukia watawala wenzake. Hakufanikiwa. Akarudi Sussex 1899 na katika msimu mmoja akapata mikimbio 3,159, wa kwanza duniani kuvuka 3,000, na msimu uliofuata 3,065. Testi yake ya mwisho ilikuwa Old Trafford mwaka 1902, pale pale alipoanzia: 2 na 4, na Uingereza wakashindwa kwa mikimbio mitatu. Hesabu yake yote ni Testi 15, mikimbio 989, wastani 44.95. Katika mechi zote za daraja la kwanza ni mikimbio 24,692 na mia 72.

Jaswantsinhji alifariki mwaka 1906 bila mtoto, na Machi 1907 Ranji akakalishwa kiti alichokingoja tangu utoto. Juu ya utawala wake sitasema mengi. Aliusafisha na kuujenga upya mji wa Jamnagar na akaikuza bandari ya Bedi. Pia alitumia fedha kama maji, na madeni yake Uingereza yaliwasumbua mafundi na wenye maduka kwa miaka. Mwaka 1915 aliumia jicho la kulia katika ajali ya kuwinda ndege huko Yorkshire, likapotea. Mwaka 1920, mzito na mwenye jicho moja, alijaribu kuichezea tena Sussex, akapata mikimbio 39 katika zamu nne. Ingekuwa bora asingejaribu. Mwaka huo huo aliiwakilisha India katika Shirikisho la Mataifa, Geneva, pamoja na rafiki yake wa Sussex, C. B. Fry. Fry alikuwa akisimulia kwamba huko alitajiwa kiti cha ufalme wa Albania. Hilo namwachia msomaji.

Wahindi wengi walimlaumu kwamba alikuwa Mwingereza kwa hiari. India ilipocheza Testi yake ya kwanza mwaka 1932, nguvu za Ranji zilikuwa zimekwisha zamani, na mpwa wake Duleepsinhji, mpigaji hodari kuliko wengi, alikuwa ameshaichezea Uingereza na kupata 173 dhidi ya Australia mwaka 1930. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini wakati wa ujana wa Ranji hapakuwa na timu ya India ya kuchezea, na sisi ambao vitambulisho vyetu vimebadilika zaidi ya mara moja katika umri mmoja tunapaswa kupima kabla ya kumhukumu.

Desemba 1932 mtu wa tatu akafuata njia yao, na ilikuwa Sydney tena. Iftikhar Ali Khan, Nawabu wa Pataudi, alipata 102 katika Testi yake ya kwanza kwa Uingereza. Nahodha Douglas Jardine alikuwa amewaamuru warushaji kuwalenga Waaustralia mwilini, na Pataudi akakataa kusimama katika mpango huo. Baada ya Testi ya pili hakupangwa tena katika safari ile. Mwaka 1946 alikuwa nahodha wa India.

Ranji alifariki Jamnagar tarehe 2 Aprili 1933, bila kuoa. Kombe la majimbo ya India, lililoanza msimu wa 1934–35, lina jina lake hadi leo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950, sera ya Australia ya watu weupe ikiwa bado haijafutwa, India huru ilimtuma Canberra balozi wake. Alikuwa Duleepsinhji.