Björn Waldegård: Bingwa wa Kwanza wa Dunia na Barabara za Safari

Ubingwa wa dunia wa madereva wa rali ulipoanzishwa mwaka 1979, wa kwanza kuutwaa alikuwa Msweden Björn Waldegård, aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 1943, ingawa katika Afrika Mashariki jina lake lilivuma zaidi kwa Safari Rally, mashindano aliyoyashinda mara nne, kuliko kwa taji hilo.

Sifa yake ya awali ilitokana na barabara za theluji na barafu, ambako alishinda Rali ya Monte Carlo mwaka 1969 na 1970 akiendesha Porsche 911, na katika mwaka huo wa pili kampuni hiyo ilimkabidhi gari la mbio halisi, Porsche 908, katika mashindano ya Targa Florio kisiwani Sicily, akamaliza wa tano pamoja na Richard Attwood. Baadaye alihamia Lancia, na huko, katika Rali ya Sanremo ya mwaka 1976, viongozi wa timu walimzuia kwa sekunde 4 mwanzoni mwa hatua ya mwisho ili alingane na mwenzake Sandro Munari, aliyekuwa nyuma yake kwa muda huohuo. Waldegård alitii, kisha akamshinda Munari kwa sekunde 4 zilezile, na haishangazi kwamba mwaka uliofuata alikuwa dereva wa Ford.

Kwa Ford Escort, akiwa na mwelekezi wake Hans Thorszelius, yaani msaidizi anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, alishinda Safari ya mwaka 1977, iliyoendeshwa katika mvua na matope mengi. Safari, iliyoanza mwaka 1953 kwa kuzipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ilitofautiana na rali za Ulaya kwa kuwa barabara hazikufungwa kwa ajili ya washindani, na mshindi alikuwa yule aliyekusanya dakika chache zaidi za adhabu za kuchelewa vituoni, hivi kwamba dereva aliyelihifadhi gari lake aliweza kumshinda mwenye kasi aliyevunja springi kilomita mia kadhaa kabla ya Nairobi. Mashindano ya namna hiyo yalimfaa sana mtu kama Waldegård, ambaye hata taji la mwaka 1979 alilipata kwa pointi 112 dhidi ya 111 za Hannu Mikkola, baada ya kumaliza wa pili nyuma ya Mikkola huyohuyo nchini Côte d'Ivoire. Wapo watakaoliona taji la namna hiyo kuwa jembamba, lakini ubingwa wa msimu hupimwa kwa msimu mzima.

Ushindi wake mwingine wa Safari, wa mwaka 1984, 1986 na 1990, aliupata kwa Toyota Celica, katika timu iliyoongozwa na Msweden mwenzake Ove Andersson, aliyekuwa ameishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Mwaka 1990 alikuwa na umri wa miaka 46, akawa dereva mwenye umri mkubwa zaidi kushinda raundi ya ubingwa wa dunia. Ajali ya Safari ya mwaka 1992, iliyomvunja mkono, ilifunga ukurasa wake katika ngazi ya juu, lakini alirudi Afrika Mashariki kushindana kwa magari ya zamani, na mwaka 2011 alishinda East African Safari Classic Rally, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi wake. Alifariki tarehe 29 Agosti 2014, na rekodi yake ya umri ilidumu hadi Januari 2022, ilipovunjwa na Mfaransa Sébastien Loeb huko Monte Carlo.