Toazi la krashi

Toazi la krashi ni sahani ya madini katika seti ya dramu, inayopigwa ukingoni ili kutia mkazo, hasa kiitikio kinapoanza. Husikika katika muziki wa dansi wa Tanzania na katika kwaya zinazoimba kwa vyombo vya bendi. Kipenyo cha kawaida ni inchi 14 hadi 20. Jembamba huitika upesi na kunyamaza mapema, hivyo hufaa kanisa dogo la milimani Lushoto bila kuwafunika waimbaji; nene huvuma zaidi na kufaa uwanjani. Aloi ya shaba asilimia 80 na bati asilimia 20 husifiwa kwa mlio mpana. La mtumba likaguliwe nyufa ukingoni na kwenye tundu la katikati.