Waliopoteza usemi wakabaki na wimbo

Mwaka 1745, Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za bubu aliyeweza kuimba. Maradhi makali yalikuwa yamempooza upande wote wa kulia na kumnyang'anya usemi. Neno pekee lililombakia lilikuwa “ndiyo”; mengine yote aliyasema kwa ishara za mkono. Lakini akianzishiwa wimbo wa kanisani alioujua kabla hajaugua, aliuimba waziwazi kama mtu mzima wa afya. Dalin aliongeza jambo ambalo ni rahisi kulipita: hata sala mtu huyo aliweza kuzitamka bila kuziimba, mradi azitoe kwa sauti ya juu na kwa mapigo.

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi alitamka silabi moja tu, “tan”. Jeraha lilikuwa upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Usemi ukapata makao yake. Wimbo ukabaki fumbo.

Walioligeuza fumbo hilo kuwa tiba ni Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, mjini Boston, mwaka 1973. Mtaalamu huketi mbele ya mgonjwa wa kiharusi, akamshika mkono wa kushoto, ule usiopooza, na kuugonga mezani kila silabi inapotoka. Sauti ni mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa Kiswahili, “naomba maji” ingekwenda hivi: na iko chini, o inapanda na kuvutwa, mba inashuka, ma inapanda, ji inashuka. Mwanzoni huimba pamoja. Kisha mtaalamu hufifisha sauti yake, mgonjwa akaendelea mwenyewe, na mahadhi hupunguzwa kidogokidogo mpaka yabaki maneno ya kawaida. Ni kazi ya wiki nyingi, na haimfai mwenye haraka.

Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani karibu na Tucson Januari 2011, alijifunza upya kusema akisaidiwa na tiba ya muziki.

Mwaka huohuo, Benjamin Stahl na wenzake nchini Ujerumani walichapisha utafiti uliotenganisha mahadhi na mapigo kwa wagonjwa 17. Kuimba hakukushinda kutamka kwa mapigo. Mdundo ndio uliobeba mzigo, hasa kwa waliojeruhiwa sehemu za ndani kabisa za ubongo, na maneno yaliyozoeleka kinywani, kama maamkizi, yalitoka vizuri kuliko yale mageni.