Kirusha sauti

Chungulia dashibodi ya Noah ya abiria inayotoka Uyole kwenda Tukuyu, au ya lori lililopanga foleni kuelekea mpaka wa Tunduma. Kwenye tundu la laita utakuta kidude cheusi kimechomekwa, kina kioo kidogo chenye namba inayong'aa, 87.9 au 88.3, na flashi imechomoza pembeni. Nyimbo zimo kwenye flashi, lakini zinasikika kwenye spika za gari, kupitia redio ileile iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Madukani Mbeya na Iringa kidude hicho kinaitwa modyuleta. Wapo wanaokiita MP3 ya gari, na aliyesoma maandishi ya kwenye boksi atasema transmita. Mimi napendekeza tukiite kirusha sauti.

Ndani ya kidude kile mna kituo cha redio, kidogo lakini kamili. Kinatengeneza wimbi lake chenyewe, tuseme la megahezi 88.3, yaani linalotetema mara milioni 88.3 kwa sekunde, kisha kinalisogeza juu na chini kidogo kwa kufuata wimbo. Sauti ikipaa, wimbi linasogea mbali zaidi; pakiwa kimya, linatulia mahali pake. Msogeo wenyewe hauzidi kilohezi 75 kila upande. Redio ya gari iliyotegwa kwenye 88.3 inaufuatilia msogeo huo na kuugeuza tena kuwa sauti. Maana ya herufi FM ni hiyo tu: sauti inapakiwa kwenye wimbi kwa kubadili kasi ya mtetemo wake. Kitendo cha kupakia ndicho wahandisi wanachokiita modyulesheni, na jina la modyuleta limezaliwa hapo.

Kasoro ya jina hilo ni kwamba linataja kiungo kimoja na kuacha mwili. Mtambo wa Ebony FM wa Iringa nao una modyuleta ndani yake, na wa Bomba FM wa Mbeya vilevile, lakini hujasikia mtu akiiita mitambo hiyo modyuleta. Kinachoutenga mtambo wa mjini na kidude cha kwenye laita ni nguvu. Kituo cha redio kinarusha kwa mamia au maelfu ya wati. Vidude hivi, kwa kanuni za Ulaya, havitakiwi kuvuka nanowati 50, yaani sehemu 50 za bilioni ya wati moja, na hata hivyo Uingereza haikuviruhusu hadi Desemba 2006. Wati nyingi au chache, kazi ni ileile. Kiswahili kina kitenzi chake siku nyingi: redio inarusha matangazo. Tuna kinasa sauti, tuna kipaza sauti. Kirusha sauti kinakaa pembeni ya hivyo viwili bila kusukumana, na mtu ambaye hajawahi kukiona atakisia kinafanya nini. Kwamba vya siku hizi vinapokea pia Bluetooth na kuchaji simu si hoja. Jina halilazimiki kubeba kila kazi ya ziada.

Kinachofanya kidude hiki kiwe na vituko huku kwetu ni Japani. Magari mengi madogo yanayopita barabara ya Tanzania na Zambia yameteremshwa bandari ya Dar es Salaam yakiwa yameshatumika kule, na redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa kule. Wajapani waliipangia FM megahezi 76 hadi 90. Kuanzia 90 hadi 108 palikuwa pa televisheni, chaneli ya 1, ya 2 na ya 3, mpaka matangazo ya analojia yalipozimwa Julai 2011; mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima, iliyopigwa na tetemeko na tsunami mwaka huo, ikasubiri hadi Machi 2012. Tanzania, kama sehemu kubwa ya dunia, FM yake ni 87.5 hadi 108. Ziweke safu hizo mbili sambamba uone zinapokutana: 87.5 hadi 90. Megahezi mbili na nusu, basi.

Mwenye Vitz au IST akiwa Dar es Salaam anaweza kukaa muda mrefu bila kugundua kitu, maana Clouds ya 88.5, Wasafi ya 88.9 na Radio One ya 89.5 zote zimo katika kipande hicho. EFM ya 93.7 na Times ya 100.5 hazipati ng'o, lakini atadhani antena ni mbovu. Akishapandisha Kitonga na kuingia Iringa, namba zinabadilika. FM inakwenda kwa kuonana, na mlima ukikaa katikati hakuna cha kusikia, kwa hiyo kila mji una mitambo yake na namba zake, na si lazima uipendayo ikaangukia chini ya 90. Hapo ndipo flashi inapoanza kuheshimiwa.

Lakini kirusha sauti nacho kinabanwa humohumo. Kinaweza kurusha popote kati ya 87.5 na 108, ila redio ya Kijapani itakisikia pale tu kinaporusha chini ya 90. Dereva inambidi atafute mahali patupu ndani ya megahezi mbili na nusu, na patupu pa Mafinga si lazima pawe patupu pa Makambako. Tena FM ina tabia moja ambayo AM haina. Mawimbi mawili yakigombea namba moja hayachanganyiki. Lenye nguvu linalimeza jingine zima. Ndiyo maana gari likikaribia mji kwaya inakatika katikati ya ubeti, anaingia mtangazaji anatangaza mbolea, sauti safi kabisa kama vile yeye ndiye aliyekuwa kwenye flashi, halafu barabara ikizama bondeni kwaya inarudi. Abiria hucheka. Dawa yake ni kubadilisha namba pande zote mbili, kwenye kidude na kwenye redio, na anayepita njia ya Iringa na Mbeya mara kwa mara angefanya vyema kuhifadhi namba tatu nne kwenye vitufe vya redio asihangaike huku anaendesha.

Anayetaka redio zenyewe za mjini anafungiwa kiboksi kingine, kinachotosha kwenye kiganja, ambacho mafundi wanakiita ekspanda. Ufungaji wake ni wa kutazamwa. Fundi anabandua fremu ya dashibodi kwa bisibisi aliyoizungushia kitambaa ili plastiki isichubuke, anafungua skrubu, anaivuta redio nje pamoja na mkia wake wa nyaya. Antena anaichomoa nyuma ya redio na kuichomeka kwenye kiboksi, kisha waya wa kiboksi anauchomeka pale ilipokuwa antena. Waya mweusi anaukaza kwenye chuma cha bodi. Mwekundu ndio unaotaka akili: anatafuta kwa testa ule unaopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Akiuunga kwenye wenye umeme saa zote, kiboksi kitanyonya betri polepole gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi ya Juni huko Mafinga haina huruma na betri iliyochoka. Fundi mwenye busara pia haondoi kichwa cha betri kabla hajauliza. Skrini nyingi za Toyota za Japani hujifunga umeme ukikatika, zikadai kadi ya ramani au namba ya siri kwa maandishi ambayo hapo gereji hayupo wa kuyasoma.

Sasa kiboksi hicho hakipanui chochote. Kinatoa kiasi maalumu kwenye kila namba inayoingia. Vipo vya megahezi 12, vya 14, vya 16 na vya 18. Ukifunga cha 18, kituo cha 104.0 utakikuta 86.0, na ile Times ya 100.5 itakaa 82.5. Redio imebaki na nafasi yake ileile ya megahezi 14, kutoka 76 hadi 90, wakati FM yetu ina megahezi 20 na nusu, na hakuna ujanja wa kuziingiza zote. Cha 18 kinakuletea vituo vya 94 hadi 108 na kukuachia nje vyote vilivyo chini ya 94. Cha 12 kinaleta 88 hadi 102, cha juu ya hapo sahau. Cha 14 kinaleta 90 hadi 104. Kwa hiyo kabla ya kununua, andika kwenye karatasi namba za redio unazozipenda za mji unaoishi, ndipo uchague kiboksi. Muuzaji anayesema vyote ni sawa hajui anachouza.

Nimewahi kuona kiboksi hicho kikitafsiriwa kipanua bendi. Licha ya kwamba hakipanui, jina lenyewe linanipa picha ya mtu anayeiongezea bendi ya muziki ya Mlimani Park wapiga gitaa. Kishusha masafa kinasema ukweli: namba inaingia iko juu, inatoka ikiwa chini.

Najua atatokea mzee wa enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam apinge, na atakuwa na hoja. Zamani zile msikilizaji wa Njombe au Rungwe alitafuta stesheni kwenye masafa ya kati au masafa mafupi, na masafa hapo yalikuwa urefu wa wimbi, kutoka kilele hadi kilele. Hayo mafupi ndiyo yaliyofika mbali kuliko yote, kwa sababu yaliweza kudunda kwenye tabaka la juu la angahewa na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990 na FM ikaenea, tukazoea kusikia masafa ya 88.5, masafa ya 89.5, na neno likahama kutoka kwenye urefu wa wimbi kwenda kwenye idadi ya mitetemo. Vipimo hivyo viwili vinakwenda kinyume; mitetemo ikiongezeka, wimbi linafupika. Wimbi la megahezi 100 lina mita 3. Lishushe hadi megahezi 82, lina karibu mita 3 na sentimita 66. Kwa masikio ya yule mzee, basi, kiboksi chetu kinarefusha masafa. Hesabu yake ni sahihi. Ila watangazaji wameshasema masafa kwa maana mpya kwa zaidi ya miaka 30 na wasikilizaji wamewaitikia, na istilahi inayopingana na redio zote za nchi haitafika mbali.

Kwa ubora wa sauti, njia ya waya inazishinda zote. Gari likiwa na tundu la AUX, achana na kirusha sauti, kwa kuwa waya wa pini ya milimita 3.5 hauna kituo cha kugombana nacho. AUX ningeiacha hivyohivyo bila tafsiri, maana ndiyo herufi zilizochapwa kwenye kitufe, na anayehangaika gizani anatafuta herufi. Wasichojua wengi ni kwamba gari lao linaweza kuwa na tundu hilo kwa jina jingine. Kwenye skrini nyingi za Kijapani mlango wa sauti ya nje umeandikwa VTR, yaani deki ya video, na kama ulifungwa tangu mwanzo utakuta matundu matatu, la njano la picha, jeupe na jekundu ya sauti, yamejificha ndani ya droo ya dashibodi au kwenye kiweko cha katikati. Magari ya zamani yenye mlango wa kaseti yana kaseti bandia yenye waya, isiyo na mkanda ndani, ambayo kichwa chake cha sumaku kinagusana na kichwa cha redio. Mlango wa MD upite tu. Ni wa diski ndogo za Sony zilizotoka 1992, na huku hazikuwahi kuzoeleka.

Ukiunga simu kwa waya huku unaichaji kwenye laita ileile, unaweza kusikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Spika hazina kosa. Umeme wa jenereta ya gari unajipenyeza kwa waya hasi ambao chaja na redio zinaushiriki, na ukichomoa chaja mluzi unakoma. Wenye malori nao wasome kwanza maandishi ya kwenye kirusha sauti: umeme wa lori ni volti 24, na kilichoandikwa 12 pekee kitaungua kabla hakijamaliza wimbo.

Sitegemei muuzaji wa Mwanjelwa abadilishe jina kwa sababu ya makala haya. Tarakilishi lilitungwa vizuri tu, na bado ofisi zetu zimejaa kompyuta. Lakini mwalimu wa umeme wa magari wa VETA akiandika ubaoni kirusha sauti na kishusha masafa, mwanafunzi anapata nusu ya somo kabla hajafungua daftari, na BAKITA wakiyatazama hawatapata tabu ya kuyaeleza.

Kuna jambo limebadilika Japani ambalo mnunuzi wa sasa anapaswa kulijua. Tangu mwishoni mwa 2014 vituo vya AM vya kule vimekuwa vikirusha pia kwenye FM, katika kipande cha 90 hadi 95 kilichoachwa na televisheni, ili visikike hata maafa yakiangusha mitambo ya AM. Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya hapo redio zake zinafika 95, nayo yameanza kuingia kwenye soko la mitumba. Kipande cha pamoja kinatoka megahezi 2.5 na kuwa 7.5, na kirusha sauti kinapata mahali pa kupumulia. Mwenye gari la namna hiyo akitaka kishusha masafa achukue cha 12, kitakachomletea 88 hadi 107, karibu FM yetu yote. Asikubali kufungiwa cha 18.