Fatma: jina la binti wa Mtume katika ghuba ya Wete

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba inayotazamana na mji wa Wete kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina iliyowashangaza wataalamu wa mambo ya kale. Ndani yake mlikuwa na sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zilizopigwa kwa majina ya watawala wa pwani ya karne ya 11: Ali bin al-Hasan na wenziwe. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu, na baadhi yake zilitoka kwa Wafatimiya, nasaba iliyoanza kutawala Afrika Kaskazini mwaka 909, ikaujenga mji wa Cairo mwaka 969 na kudumu hadi 1171.

Sarafu za fedha zina majina ya wanaume. Lakini wafalme waliozipiga zile dinari za Kifatimiya walijiita kwa jina la mwanamke. Walidai kuwa ni kizazi cha Fatma, binti wa Mtume Muhammad, na nasaba yao nzima ikachukua jina lake. Kwa hiyo karibu miaka elfu iliyopita, mfanyabiashara wa Mtambwe Mkuu alikuwa na dhahabu ya ukoo wa Fatma mkobani mwake.

Leo jina hilo halitafutwi kwa jembe la mchimbaji. Simama sokoni Wete uite "Fatma!" uone watakaogeuka. Ndiyo maana watu wa mji wanalazimika kuongeza kitu: Fatma wa Jadida, Fatma wa Limbani, Fatma wa Bopwe. Akishazaa, anakuwa mama wa fulani na jina lake linapumzika kidogo. Skulini mwalimu hawezi kuishia jina la baba, maana darasa moja laweza kuwa na wawili ambao baba zao wote ni Hamad. Itabidi afike kwa babu.

Asili ya jina ni Kiarabu, na maana yake imo katika malezi: ni kumwachisha mtoto ziwa. Fatma ni mwanamke aliyemwachisha mwanawe, yaani amemnyonyesha na kumvusha salama miaka ile ya hatari. Wanazuoni waliongeza tafsiri ya kidini, kwamba mwenye jina hili ametengwa na Moto. Hata hivyo lilikuwapo kabla ya Uislamu. Bibi wa Mtume, mama wa baba yake, aliitwa Fatma binti Amr. Mama wa Sayyidna Ali, mkwe wa Mtume, alikuwa Fatma binti Asad. Katika hadithi moja mashuhuri, Mtume anampa Ali kitambaa cha hariri na kumwagiza akigawe mitandio kwa akina Fatma. Makka na Madina, kumbe, zilikuwa na tatizo lile lile la soko la Wete.

Aliyelipa jina utukufu ni binti wa Mtume na Bi Khadija, aliyefariki mwaka 632, miezi michache baada ya baba yake. Sifa zake nazo zimekuwa majina ya wasichana wa pwani: Zahra na Batuli. Lakini lililomfikisha jikoni na barazani ni maisha yake. Hadithi inasimulia jinsi mikono yake ilivyochubuka kwa kusaga nafaka, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Alichopewa ni uradi wa kusoma kabla ya kulala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Wengi huuita tasbihi ya Fatma. Binti wa kiongozi wa umma, mwenye malengelenge viganjani! Kwa wanawake waliotwanga na kusaga, na ambao kila msimu wa karafuu huketi kuchambua vikonyo mpaka vidole vikaumwa, huyu hakuwa mtu wa mbali.

Kuna upande mwingine wa jina hili, na inasikitisha kwamba hautajwi sana mbele ya mabinti wanaolichukua. Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilitawaliwa na Malkia Fatuma. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa, kuanzia 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698, yeye alikuwa upande wa Wareno na aliwapelekea chakula waliozingirwa. Ushirika ule ulimponza. Waomani walimkamata wakampeleka Maskati, akakaa uhamishoni takriban miaka kumi kabla ya kurudishwa. Mtu anaweza kulaumu uamuzi wake wa kuwaunga mkono Wareno, ila hawezi kusema kwamba alikuwa pambo la kasri.

Karibu na wakati huo Kilwa nayo ilikuwa na Mfalme Fatima. Wenyewe walimwita hivyo, mfalme. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India, na ndizo maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana kusalia. Lugha yetu, inapoonekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, inatoka katika nyumba ya Fatima. Jambo hili lilistahili kuandikwa kwenye ukuta wa kila skuli ya pwani.

Jina liliposafiri lilibadilika mwendo. Unguja na Pemba, kama Oman na Uturuki, husema zaidi Fatma. Mrima, Mombasa na bara hadi Kongo ya mashariki, watu huliwekea irabu katikati wakapata Fatuma. Wasomali wana Faduma, na Afrika Magharibi kuna Fatoumata na Fatou. Nyumbani likikatwa huwa Fatu, Tuma au Tima. Hata Ukristo una sehemu yake: mji wa Fátima nchini Ureno, ambako mwaka 1917 watoto watatu walisema wametokewa na Bikira Maria, umewapa Wakatoliki jina hilo hilo, na Tanzania ina parokia zinazoitwa Bikira Maria wa Fatima.

Visiwani mwenye jina aliyesikika mbali zaidi hakujulikana kwalo. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, jina lake halisi lilikuwa Fatuma binti Baraka. Katika siasa kuna Bibi Fatma Karume, mjane wa Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume.

Linavyodumu Pemba ni kwa desturi ya kurithisha. Mtoto hupewa jina la bibi yake, mara nyingi katika siku ya saba pamoja na akika, kisha yeye na bibi wakawa masomo. Baba aliyempa bintiye jina la mamaye huona tabu kulitamka kwa ukali, kwa hiyo humwita "mama" au "Bimkubwa", na mtoto akakua akiagizwa dukani kwa heshima ya mtu mzima. Kwa njia hiyo jina hupita kizazi kimoja na kurudi kingine.

Mabinti wa sasa wa Wete wanaitwa pia Nasra, Ilham, Samira na Sabrina, na wazazi wanaotaka kitu kipya bila kuacha cha zamani huunganisha: Fatma-Zahra. Kinachowasumbua zaidi ni herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Fatma na cheti cha mtihani kikisema Fatuma au Fatima, siku ya kuomba pasipoti kwenda kwa jamaa Maskati au kujiunga na chuo Dar es Salaam mwenyewe atatakiwa kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.