Vocha na Mkuu wa Nyumba: Ruhusa ya Kuhamia Uingereza pamoja na Jamaa, 1962–2002

Kila atakaye kuihama nchi yake akafanye kazi ugenini hutakiwa kujibu maswali mawili. La kwanza ni la kazi: aenda kufanya nini, na nani atakayemwajiri? La pili ni la jamaa: afuatana na nani, na hao anaofuatana nao wana haki gani? Swali la kwanza hujibiwa kwa vyeti na barua ya mwajiri. La pili laonekana jepesi, kwa kuwa kila mtu awajua watu wa nyumbani kwake. Lakini katika historia ya sheria za kuhamia Uingereza, swali hilo la pili ndilo lililowatenga watu na watu wao, na miongoni mwa walioonja uchungu wake ni Waasia wa Afrika ya Mashariki. Makala haya yanaeleza jinsi ruhusa hiyo ilivyotungwa, na jinsi maneno machache yaliyoandikwa katika karatasi za maombi yalivyopata nguvu ya kuamua nani aishi na nani.

Yafaa kuanza mbali kidogo. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilipojengwa, kati ya mwaka 1896 na 1901, waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi wa mkataba wapatao 32,000. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Waliobaki walikuwa kama 6,700. Wafanya biashara, makarani na mafundi waliokuja baadaye kwa hiari yao, nao wakawaita wake zao na ndugu zao, ndio walioifanya jumuiya hiyo kuwa kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha kwamba Waasia wa Kenya walikuwa wapatao 177,000. Basi jumuiya hii yenyewe ilitokana na mtu kwenda kazini mbali, kisha kuwavuta jamaa zake wamfuate.

Sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwafanya watu waliozaliwa Uingereza na waliozaliwa katika makoloni yake kuwa raia wa namna moja. Raia huyo aliweza kuingia Uingereza bila ya kuomba ruhusa ya kazi, na mkewe na watoto wake vivyo hivyo. Hali hiyo ilikoma tarehe 1 Julai 1962, ilipoanza kutumika sheria ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola. Tangu siku hiyo aliyetaka kwenda kufanya kazi alipaswa kupata hati iliyoitwa vocha, iliyotolewa na Wizara ya Kazi ya Uingereza. Vocha hizo zilikuwa za daraja tatu. Daraja A ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupata mwajiri anayemngojea. Daraja B ilikuwa ya wenye ujuzi uliohitajiwa, kama vile waalimu, waganga na wauguzi. Daraja C ilikuwa ya wengine wote. Daraja hiyo ya mwisho haikudumu. Ilikomeshwa kabla ya serikali kutoa, Agosti 1965, waraka uliopunguza vocha zote ziwe 8,500 kwa mwaka, na katika hizo 1,000 zikawekwa kwa ajili ya watu wa Malta.

Kuhusu jamaa, sheria ya mwaka 1962 ilisema kwamba mwenye ruhusa aliweza kufuatwa na mkewe na mtoto wake asiyetimia miaka 16. Mume hakutajwa. Maafisa waliweza kumruhusu mume amfuate mkewe kwa hisani, lakini haki hakuwa nayo. Na hisani hiyo nayo ilipunguzwa sana mwaka 1969. Asomaye sheria hii aona mara moja picha iliyokuwamo katika fikira za walioitunga: mfanyakazi ni mwanamume, na jamaa ni mzigo achukuao mgongoni.

Hata hivyo sheria hiyo iliacha tundu. Haikumzuia mtu ambaye pasipoti yake ilitolewa kwa mamlaka ya serikali ya Uingereza yenyewe. Wakati wa ukoloni pasipoti za watu wa Kenya zilitolewa kwa mamlaka ya serikali ya koloni, na kwa hiyo hazikuwa na nguvu hiyo. Lakini Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, wale waliobaki raia wa Uingereza walianza kupewa pasipoti na ubalozi wa Uingereza mjini Nairobi. Mtu ni yule yule, na uraia wake ni ule ule. Lakini kwa kubadilika jina la mtoaji, hati yake ikapata uwezo ambao haikuwa nao jana.

Katiba ya Kenya huru ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Kenya ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa huko pia. Wengine walipewa miaka miwili, hadi tarehe 12 Desemba 1965, wajiandikishe ikiwa wanataka. Wako waliojiandikisha, na wako waliosita. Hapana haja ya kuwahukumu waliosita kwamba hawakuipenda nchi, wala ya kuwasifu kwamba walikuwa na akili ya kuona mbele. Katika nyumba moja yaliweza kupatikana mambo yote mawili: kaka ameandikishwa Mkenya ili duka lisifungwe, mdogo wake amebaki Mwingereza ili uwepo mlango wa kutokea. Haya yalikuwa mashauri ya watu wenye kuogopa, nao walijaribu kuyagawa mashaka kama wagawavyo mali. Wakati ulipofika, mgawanyo huo ndio uliowatenganisha.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya wahamiaji iliyomtaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka huo huo iliwafungia wasio raia baadhi ya mahali pa kufanyia biashara. Sababu yake haikufichika. Wakati wa ukoloni kazi na mishahara ilipangwa kwa rangi ya mtu, na Mwafrika aliwekwa chini kabisa. Serikali ya watu huru ilikuwa na wajibu wa kuyafungua yaliyofungwa. Lakini kwa karani au fundi mwenye pasipoti ya Uingereza maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kibali kikiisha muda wake, kazi imekwisha, na pamoja na kazi, kodi ya nyumba na ada ya shule.

Basi watu wakaanza kuondoka kwa wingi. Huko Uingereza wanasiasa kama Enoch Powell na Duncan Sandys walipiga kelele kwamba wafungiwe mlango. Sandys ndiye aliyekuwa waziri wa makoloni Kenya ilipopata uhuru. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, aliupeleka mswada katika Bunge la Makabwela mwishoni mwa Februari 1968, ukapita mabaraza yote mawili kwa muda wa siku tatu hivi, na tarehe 1 Machi ukawa sheria. Tangu siku hiyo pasipoti ya Uingereza peke yake haikutosha. Ilimpasa mwenye nayo awe yeye, au mzazi wake, au babu yake au bibi yake, amezaliwa au amepata uraia katika Uingereza yenyewe. Iain Macleod, aliyekuwa waziri wa makoloni kabla ya Sandys, aliupinga mswada huo, akishika kwamba ahadi ilitolewa na ahadi haivunjwi. Hakufaulu.

Mahali pa haki iliyoondolewa pakawekwa vocha maalum 1,500 kwa mwaka. Vocha hizi hazikuwa za kazi kama zile za mwaka 1962, kwa kuwa mwombaji hakuulizwa mwajiri. Zilikuwa za kuhamia. Lakini aliyeomba, aliomba kwa sababu kazi yake ilikuwa imekatika, na kwa njia hiyo maswali mawili yaliyotajwa mwanzoni yakarudi kuwa moja. Naye mtu wa kupewa vocha alielezwa kwa maneno machache tu: awe mkuu wa nyumba.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kulitazama neno. Katika Kiswahili maneno yaliyo karibu na hilo ni mengi, wala hayana maana moja. Mwenye nyumba ni yule amilikiye jengo. Mkuu wa jamaa ni mzee ambaye shauri lake hufuatwa, na pengine haishi katika nyumba ile. Mlezi ni yule alishaye na kutunza, awe mume au mke, mjomba au bibi. Katika nyumba za waungwana wa Lamu ilikuwa desturi binti apewe nyumba aolewapo na mume ahamie kwake. Huko mwenye nyumba ni mke, na hakuna aonaye ajabu. Nao Wagujarati waliokuwa na duka moja na jiko moja, ndugu watatu pamoja na mama yao mjane, nani kati yao mkuu? Watu wa nyumbani hawakuwa na haja ya kuliuliza swali hilo. Karatasi iliuliza, na ilitaka jina moja.

Maafisa walikuwa na jibu lao. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa nyumba, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama vile mumewe kuwa mgonjwa wa kudumu. Kwa hiyo mke mwenye pasipoti ya Uingereza, ambaye mumewe alikuwa na uraia mwingine, hakuwa na njia. Yeye aliyekuwa na haki hakuwa mkuu, na aliyekuwa mkuu hakuwa na haki.

Waliojaribu kusafiri bila ya vocha walirudishwa. Wengine walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, kwa kuwa hakuna nchi iliyowakubali. Mashtaka yao yalifika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 1973 Tume hiyo iliona kwamba raia 25 wa Uingereza waliolalamika walitendewa kwa namna ya kuwadhalilisha, kwa sababu sheria ya mwaka 1968 iliwabagua kwa rangi. Vilevile iliona kosa juu ya waume watatu waliozuiwa kuwafuata wake zao.

Uganda ilionyesha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, akawapa siku 90. Uingereza ilipokea watu wapatao 28,000 bila ya kungoja zamu za vocha. Lakini mume aliyenyang'anywa uraia wa Uganda, asibaki na uraia wowote, aliweza kujikuta katika kambi ya wakimbizi katika nchi nyingine ya Ulaya, na mkewe na watoto wako Uingereza.

Vocha ziliongezwa zikawa 3,000 mwaka 1971, na 5,000 mwaka 1975. Neno halikubadilika. Mwaka 1983 mwanamke mmoja aliyenyimwa vocha mjini Bombay alishindwa mbele ya mahakama ya juu ya Uingereza, mahakimu watatu dhidi ya wawili. Walio wengi walisema kwamba sheria ya mwaka 1975 ya kukataza ubaguzi kati ya wanaume na wanawake haikuhusu utoaji wa vocha. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, katika kesi ya wanawake watatu, kwamba si haki mwanamume aliyekaa Uingereza kuweza kumleta mkewe kwa wepesi ambao mwanamke hakuwa nao. Serikali ilitii kwa njia yake: haikuwalegezea waume, bali iliwakazia wake, na wote wakawa sawa katika dhiki. Mpango wa vocha maalum ulifungwa Machi 2002. Mwaka huo huo sheria mpya iliwapa wale wasiokuwa na uraia mwingine njia ya kuandikishwa kuwa raia kamili. Kwa mtu aliyekuwa kijana mwaka 1968, haki hiyo ilimfikia akiwa mzee.

Vocha zimekwisha, lakini swali la pili halijaisha. Tarehe 11 Machi 2024 Uingereza iliwakataza wafanyakazi wapya wa kutunza wazee na wagonjwa kwenda na wake, waume au watoto wao. Na Julai 2025 ikafunga kabisa kuwaajiri watu wapya wa kazi hiyo kutoka ng'ambo. Mara hii sheria haimtafuti mkuu wa nyumba. Yamtaka mtu aje bila ya nyumba: mwanamke aache watoto wake kwao, aende kulea wazee wa wengine. Mikono yaitwa, na mwenye mikono hiyo aambiwa awaache watu wake nyuma. Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone; hawakusema kwamba mgeni na aje nusu.