Burundi

Burundi ni nchi ndogo ya Afrika isiyopakana na bahari. Upande wa kaskazini imepakana na Rwanda, mashariki na kusini na Tanzania, na magharibi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pamoja na Ziwa Tanganyika. Eneo lake ni kilomita za mraba 27,834. Mji mkuu wa kisiasa ni Gitega; Bujumbura, ulio kando ya ziwa, umebaki kuwa kitovu cha biashara. Sehemu kubwa ya bidhaa zake hupitia bandari ya Dar es Salaam.

Jina na matumizi yake

Mwenyeji wa Burundi huitwa Mrundi (wingi: Warundi) na lugha yake ni Kirundi, iliyo jirani sana na Kinyarwanda na Kiha cha Kigoma. Maandishi ya zamani ya Kiswahili huitaja nchi hii kwa jina la Urundi, na Bujumbura kwa jina la Usumbura. Leo majina hayo hutumika katika habari za ukoloni tu. Kiswahili husemwa mijini, hasa katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura.

Ufalme

Kabla ya ukoloni, Burundi ilikuwa ufalme chini ya mwami, akisaidiwa na watoto wa ukoo wa kifalme walioitwa baganwa. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma ipigwayo, na pia utawala. Ngoma takatifu Karyenda ilikuwa alama ya enzi yenyewe. Mwezi Gisabo, aliyetawala miaka mingi ya nusu ya pili ya karne ya 19, alizuia uvamizi wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa na pembe wa Ujiji. Lakini mwaka 1903 alilazimika kuutambua utawala wa Wajerumani.

Ukoloni na uhuru

Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, wakaitawala pamoja na Rwanda kwa jina la Ruanda-Urundi. Waliwaondoa machifu Wahutu, wakapandikiza utengano uliokuja kuzaa machungu makubwa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, aliwaunganisha Warundi wa pande zote na kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, ila aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962 bila yeye.

Ufalme ulipinduliwa mwaka 1966, jeshi likashika hatamu. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini, dola iliwaua Wahutu wengi, hasa waliosoma. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 100,000. Maelfu walikimbilia Tanzania, wakafungua mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadaye zaidi ya 150,000 miongoni mwao na vizazi vyao walipewa uraia. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia, aliuawa Oktoba 1993, na vita vikafuata. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioanza kusuluhishwa na Julius Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, ulifungua njia ya amani. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Tanbihi ya matumizi

Wahutu, Watutsi na Watwa mara nyingi huitwa makabila. Katika Kiswahili, kabila kwa kawaida ni watu wenye lugha yao na nchi yao. Hawa wana lugha moja, nao huishi pamoja katika vilima vilevile. Mwandishi mwangalifu hutumia makundi au jamii, kwani neno lisilofaa huweza kuwafanya majirani waonekane wageni.